Mkataba Peke Yake Hauuzi Bidhaa

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Msemo huo twautumia sana tunapozungumza juu ya mataifa makubwa, na mara nyingi twautumia kwa haki. Lakini katika shauri la biashara baina ya nchi na nchi yafaa tujiulize swali jingine: je, tembo wakipatana, nyasi hupata nini?

Swali hili latujia kwa sababu Umoja wa Ulaya umefanya mikataba mingi ya biashara katika miaka ya karibuni, na kila mara viongozi wake hutangaza kwamba mkataba uliotiwa sahihi utamfaa mfanyabiashara mdogo: mtengenezaji wa jibini, mshona viatu, mwenye kiwanda cha vyombo vya hospitali chenye wafanyakazi ishirini. Je, maneno hayo ni ya kweli, au ni sukari ya kumezea dawa iliyopikwa na makampuni makubwa kwa faida yao wenyewe? Tumelitazama jambo hili kwa makini, na jibu letu ni kwamba maneno hayo yana ukweli ndani yake, lakini si kwa sababu ile inayotajwa majukwaani. Na katika hiyo sababu ya kweli ndimo lilimo somo letu sisi wa Afrika ya Mashariki.

Kwanza yatupasa tujue tunamzungumza nani. Kwa kipimo cha Umoja wa Ulaya, biashara ndogo na ya kati ni ile yenye wafanyakazi pungufu ya 250 na mauzo ya mwaka yasiyozidi yuro milioni 50. Kwetu sisi biashara ya namna hiyo ingeitwa kubwa. Lakini walio wengi katika kundi hilo ni wale wenye wafanyakazi pungufu ya kumi: baba, mama, watoto wao na vibarua wachache. Biashara za kundi hilo zote kwa jumla ni tisini na tisa katika kila mia za Ulaya. Kwa hiyo ile Ulaya tunayoijua kwa majina yaliyoandikwa juu ya magari na chupa za dawa ni kipande tu cha Ulaya yenyewe.

Sasa mtu kama huyo, mwenye pipa lake la mvinyo katika kijiji cha Ureno au karakana yake katika mji mdogo wa Austria, hana sauti mbele ya serikali ya kigeni. Kampuni kubwa likizuiwa na ushuru laweza kujenga kiwanda ndani ya nchi ile ile inayolizuia, au kutuma mawakili wakae huko mwaka mzima wakisoma sheria. Mtu mdogo hawezi hata moja la hayo. Ndiyo maana tangu mwanzo wake Ulaya iliamua kwamba shauri hili lishikwe kwa pamoja. Nchi sita zilitia sahihi Mkataba wa Roma tarehe 25 Machi 1957, na kufikia tarehe 1 Julai 1968 zilikuwa zimekwisha kuondoa ushuru wa forodha baina yao na kuweka ushuru wa namna moja kwa bidhaa zitokazo nje. Leo si Ureno wala Austria inayokwenda Tokyo kujadili ushuru. Yaenda Halmashauri ya Ulaya kutoka Brussels, ikizungumza kwa niaba ya wote. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Wazungu wamelijua hilo kama sisi tulijuavyo.

Ushuru si ukuta pekee

Tuchukue mfano wa mkataba baina ya Umoja wa Ulaya na Japani, uliotiwa sahihi Tokyo tarehe 17 Julai 2018 na kuanza kazi tarehe 1 Februari 2019. Kabla ya siku hiyo mvinyo wa Ulaya ulitozwa Japani ushuru uliofikia asilimia 15. Siku mkataba ulipoanza kazi, ushuru huo ulifutwa wote. Jibini ngumu, iliyokuwa ikitozwa karibu asilimia 30, iliwekewa ngazi za kushuka kwa muda wa miaka kumi na mitano mpaka ifike sifuri. Viatu vya ngozi navyo vikapangiwa miaka yake ya kushuka.

Hesabu yake yaeleweka upesi. Mwenye mvinyo anayepeleka shehena ya yuro 10,000 angeweza kudaiwa yuro 1,500 bandarini kabla chupa moja haijauzwa. Kwa kampuni kubwa fedha hizo ni za mezani tu. Kwa familia yenye mashamba machache ya mizabibu, hiyo yaweza kuwa ndiyo faida yote ya safari.

Lakini mtu akidhani kwamba ushuru ndio ukuta wenyewe, atakuwa ameona mlango na asione kufuli. Kufuli ni hati. Ili bidhaa isamehewe ushuru ni lazima ithibitishwe kwamba kweli imetengenezwa Ulaya, haikuletwa kutoka kwingine na kubandikwa karatasi. Kanuni hizi za uasili wa bidhaa ni ndefu na ngumu, na gharama ya kuzifuata ni ile ile, uwe unapeleka sanduku moja au meli nzima. Hapa ndipo mdogo anapoumia kuliko mkubwa. Mzigo ambao mkubwa huugawa juu ya masanduku elfu kumi, mdogo huubeba juu ya masanduku kumi.

Wale waliotunga mikataba hiyo walilijua jambo hili. Katika mikataba na Korea ya Kusini, Kanada na Japani waliweka sharti kwamba shehena yenye thamani isiyozidi yuro 6,000 yaweza kuthibitishwa kwa maneno machache tu ambayo mpelekaji mwenyewe huyaandika juu ya hati ya mauzo. Hahitaji kibali maalumu, wala muhuri wa ofisi, wala kuandikishwa katika daftari la wapelekaji. Maneno yale ni aya moja. Lakini aya hiyo moja humwokolea mtu mdogo siku nyingi za kuzunguka maofisini.

Ziko kufuli nyingine ambazo msomaji hangezifikiria. Kwa miaka mingi alama za kuonyesha jinsi ya kufua nguo zilikuwa Japani za namna yake peke yake, hata mshonaji wa Ulaya akalazimika kubandika kitambaa kingine katika kila shati. Desemba 2016, mazungumzo yakiwa bado yanaendelea, Japani ilianza kutumia alama zinazofuata kanuni za mataifa, na kazi hiyo ya bure ikakoma. Mkataba na Kanada nao, ulioanza kutumika kwa muda tarehe 21 Septemba 2017, una itifaki inayosema kwamba katika aina kadha wa kadha za bidhaa, kama vifaa vya umeme, mitambo na vitu vya kuchezea watoto, kipimo kilichofanywa Ulaya na chombo kinachotambuliwa kikubaliwe Kanada, bila ya kurudiwa. Kupima mashine mara mbili ni gharama mara mbili, na kwa karakana ndogo mara nyingi hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikiizuia isijaribu kabisa kwenda Kanada.

Thamani ya jina

Jambo la tatu ni jina. Wakaao karibu na mji wa Parma, katika Italia, hukausha mapaja ya nguruwe kwa chumvi na upepo, nao wameifanya kazi hiyo kwa karne nyingi. Lakini katika Kanada jina la Parma lilikuwa limekwisha kuandikishwa kama alama ya biashara ya kampuni moja ya huko huko. Kwa hiyo watu wa Parma wenyewe walizuiwa kuuza nyama ya Parma kwa jina la Parma, wakawa wakiiuza kwa jina jingine, kama mtu aliyenyang'anywa jina la baba yake. Mkataba wa Kanada uliwarudishia haki ya kulitumia jina lao, ijapokuwa ile alama ya zamani haikufutwa, na majina hayo mawili yakawekwa kuishi pamoja. Kwa jumla mkataba huo ulilinda majina 143 ya vyakula na vinywaji vya Ulaya, na ule wa Japani ulilinda zaidi ya 200.

Na ni nani mwenye majina hayo? Aghalabu si kampuni moja tajiri, bali ni watengenezaji wadogo walioungana. Jibini ya Parmigiano Reggiano hutengenezwa na viwanda vidogo vya maziwa vipatavyo mia tatu, vingi vikiwa ni vya ushirika wa wafugaji, chini ya chama chao kilichoanzishwa mwaka 1934. Chama hicho ndicho kinachokagua kila jibini na kuigonga muhuri, ndicho kinachowashtaki waigizaji, na ndicho kilichokuwa na sauti ya kusikika Brussels wakati orodha ya majina ilipokuwa ikiandikwa. Mfugaji mmoja mwenye ng'ombe arobaini hangesikilizwa na mtu.

Nchi za Ulaya hazikuishia hapo. Mkataba wa Japani una sura nzima juu ya biashara ndogo, inayozilazimisha pande mbili kuwawekea watu wadogo maelezo yaliyo wazi juu ya ushuru na masharti. Tangu mwaka 2020 Halmashauri ya Ulaya imefungua tovuti ambamo mwenye karakana huandika aina ya bidhaa yake na nchi anayotaka kuiuzia, akaonyeshwa ushuru, hati na kanuni zinazomhusu, bila ya malipo. Na tangu mwaka 2008 upo mtandao wa ofisi za ushauri katika miji mingi, ambazo kazi yake ni kumshika mkono mtu kama huyo.

Basi hii ndiyo sababu ya kweli tuliyoitaja mwanzoni. Mkataba ni karatasi, nao peke yake hauuzi hata jibini moja. Kinachomfaa mtu mdogo wa Ulaya ni dola inayosimama nyuma yake na maabara zake, maofisa wake na maelezo yake, pamoja na ushirika unaosimama kando yake.

Waingereza waliuona ukweli huu kwa machungu. Walitoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na mwanzoni mwa mwaka 2021 biashara yao na jirani zao ikaanza kuongozwa na mkataba mpya. Mkataba huo haukuweka ushuru hata senti moja juu ya bidhaa zenye asili ya pande hizo mbili. Kwa kipimo cha ushuru hakuna mkataba ungeweza kuwa bora zaidi. Hata hivyo watengenezaji wadogo wa jibini na wavuvi wa chaza waliokuwa wakipeleka vifurushi Ufaransa kama mtu apelekaye barua, walijikuta wakidaiwa hati za forodha na vyeti vya madaktari wa mifugo kwa kila shehena. Makampuni makubwa yaliajiri makarani zaidi. Wengi miongoni mwa wadogo waliacha kuuza ng'ambo ya mlango wa bahari.

Wala tusidhani kwamba ndani ya Ulaya yenyewe watu wote huishangilia mikataba. Oktoba 2016 bunge la jimbo la Wallonia, katika Ubelgiji, liliuzuia mkataba wa Kanada kwa siku kadhaa, likiwahofia wakulima wake na likiyaogopa mabaraza ambamo makampuni ya kigeni yangeweza kuzishtaki serikali. Jimbo moja dogo lilizisimamisha nchi nyingi mpaka likapewa maelezo ya maandishi. Hakuna aliyewaita watu wa Wallonia maadui wa maendeleo.

Mnyonge wa huko akifika huku

Hapa ndipo shauri hili linapotugusa sisi wenyewe. Mazungumzo yetu na Ulaya ni ya zamani. Septemba 1969 Tanzania, Kenya na Uganda zilitia sahihi hapa Arusha mkataba na Soko la Pamoja la Ulaya, na mkataba huo ukaanza kazi mwaka 1971. Ukafuata ule wa Lomé mwaka 1975, na ule wa Cotonou mwaka 2000. Katika miaka hiyo mingi mlango wa Ulaya ulikuwa wazi kwa sehemu kubwa ya mazao yetu. Tulipeleka nini? Tulipeleka kahawa mbichi, pamba mbichi na katani, na tukanunua kahawa iliyosagwa na nguo zilizoshonwa.

Mwaka 2014 mazungumzo ya mkataba mpya wa ubia wa uchumi baina ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya yalikamilika. Safari hii nasi tulitakiwa tufungue mlango wetu, kwa hatua zitakazochukua miaka 25, kwa zaidi ya nne kwa tano ya bidhaa tunazonunua Ulaya. Kenya na Rwanda zilitia sahihi Septemba 2016. Nchi yetu ilikataa. Mzee Benjamin Mkapa, aliyekuwa amekwisha kustaafu urais, aliandika hadharani kuupinga, na Novemba ya mwaka ule Bunge nalo likaukataa. Kenya, ambayo haimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni kabisa na kwa hiyo ingepoteza msamaha wa ushuru kwa maua yake, ilifanya mkataba wake peke yake tarehe 18 Desemba 2023, nao ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Hatuwalaumu ndugu zetu; kila mwenye nyumba anajua paa lake linavuja wapi.

Sisi twaamini kwamba kukataa kwetu kulikuwa na haki. Yule mtengenezaji wa jibini tuliyemwona kuwa mnyonge mbele ya Japani, akifika Tanga au Iringa si mnyonge tena. Nyuma yake iko ruzuku ya kilimo inayochukua karibu theluthi moja ya bajeti ya Umoja wa Ulaya, ziko maabara, ziko barabara na bandari, na uko ushirika wa miaka mingi. Mfugaji wetu anayepeleka maziwa yake kwa baiskeli hawezi kuambiwa ashindane na huyo kwa usawa. Usawa wa karatasi baina ya watu wasio sawa ni dhuluma yenye muhuri.

Lakini kukataa si sera. Kukataa ni kufunga mlango ili upate nafasi ya kujenga nyumba. Na mwenye kufunga mlango kisha akalala, hana nyumba wala mgeni. Tangu mwaka 2001 Ulaya imeruhusu bidhaa zote za nchi zenye maendeleo duni kabisa, isipokuwa silaha, ziingie bila ya ushuru wala kiasi maalumu, na Tanzania imo katika nchi hizo. Basi kama ushuru ungekuwa ndio ukuta, maduka ya Ulaya yangekwisha kujaa bidhaa zetu.

Chukueni mfano wa asali. Ushuru wake ni sifuri, lakini Ulaya haipokei asali ya nchi yoyote mpaka nchi hiyo iwe na mpango wa kila mwaka wa kupima masalia ya dawa, uliokubaliwa na Ulaya wenyewe. Mfuga nyuki wa Tabora au Manyoni hawezi kujenga maabara. Dola yaweza. Chukueni na jina. Kahawa ya Kilimanjaro ni jina kubwa Japani, na karafuu za Zanzibar zilijulikana duniani kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Sifa hizo zimejengwa kwa jasho la wakulima. Nani anayezilinda ng'ambo, na ni chama gani cha ushirika chenye muhuri wake juu ya gunia na mawakili wake mahakamani?

Tena tusitazame Ulaya tu. Katika Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki upo utaratibu rahisi: mfanyabiashara mwenye bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa, zenye asili ya Jumuiya na thamani isiyozidi dola 2,000, aweza kuvuka mpaka kwa cheti kifupi cha uasili kinachotolewa pale pale forodhani. Jambo hilo ni ndugu wa ile aya ya yuro 6,000 ya Ulaya. Lakini ni akina mama wangapi wanaovuka Mutukula au Namanga wanaokijua cheti hicho? Na ni wangapi wanaopita njia za panya, wakilipa rushwa kubwa kuliko ushuru wasiodaiwa? Eneo la Biashara Huru la Afrika, ambalo mkataba wake ulianza kazi tarehe 30 Mei 2019 na biashara yake kufunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 2021, halina budi kupata jambo la namna hiyo lililo hai mipakani, wala si katika vitabu tu.

Kwa hiyo twasema wazi. Kabla ya kujadili tena na Ulaya au na nchi nyingine yoyote, serikali ihakikishe kwamba maabara zetu za viwango zaweza kutoa cheti kinachokubaliwa ng'ambo, na kwamba cheti hicho hakimgharimu mtu mdogo kuliko bidhaa yake. Vyama vya ushirika viandikishe majina ya mazao yetu na viyalinde. Maofisa wa balozi zetu wapimwe kwa masanduku waliyoyafungulia njia, si kwa karamu walizohudhuria. Na kila mkataba wa biashara tulio nao uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, ubandikwe katika kila ofisi ya forodha na kila ofisi ya ushirika, ili mwenye haki aijue haki yake.

Siku hayo yatakapokuwa yametimia, tutaweza kukaa mezani na Ulaya bila ya hofu na bila ya kiburi, tukatia sahihi linalotufaa na kukataa lisilotufaa. Mpaka siku hiyo, tukisaini au tukikataa, mfuga nyuki wa Tabora atabaki pale pale alipo, na debe lake la asali mkononi.